Erasto hakununuliwa

Jamani, jana wamenipigia kutoka Makambako kuwa Erasto amefariki. Nikawajibu, "Erasto yupi?" kana kwamba ninao wengine.

Ni Erasto wa duka la mabati, Mkinga wa Makete aliyehamia kwetu. Wengi mnamkumbuka kwa ule udiwani.

Tuligombea kata moja, vyama vidogo viwili dhidi ya mgombea wa chama kikubwa. Sera zetu ungezichanganya usingejua ipi ya nani. Ila Wakinga wa madukani walikuwa wake, na Wabena wenzangu wa mashambani walikuwa wangu.

Yeye ndiye aliyeniambia ukweli, akianza na salamu ya kwetu. "Kamwene dada. Sheria yetu ya kura ni lori la gunia moja tu, lile lililojaa kuliko mengine. Nusu yako na nusu yangu zinabaki shambani."

Muuza mabati ananifundisha mimi mkulima habari za magunia ya viazi!

Tukabishana wiki nzima nani ampishe nani, mpaka tukanuniana.

Siku ya uteuzi nikapeleka barua ya kujitoa kimyakimya, kabla ya deadline. Nilitaka iwe surprise. Ilipogongwa muhuri, karani akashangaa: "Mbona na Erasto ameleta yake asubuhi?"

Nikaomba nirudishiwe yangu. Haikuwezekana. Mgombea wa tatu akapita bila kupingwa, udiwani haukupigiwa hata kura moja.

Chama changu niliwaambia nilikuwa naumwa, wakanipa pole. Erasto hakupewa pole. Walisema amenunuliwa, eti Mkinga haachi kitu bure. Wabena wenzangu ndio waliosema hivyo, nikiwa nimekaa palepale. Nilinyamaza, na naona aibu mpaka leo.

Wateja wakapungua dukani kwake. Nikamfuata, nikamwambia nitasema ukweli.

"Acha, dada. Ukisema watakufukuza chama. Safari ijayo tutahitaji mmoja aliyebaki."

Nami nikaona nafuu kumtii.

Basi nasema leo, najua nimechelewa. Sikuumwa. Nilijitoa kwa ajili yake, naye alijitoa kwa ajili yangu. Hakupokea kitu kwa mtu yeyote. Viongozi wangu mkisoma hapa, barua ya kunifukuza nileteeni msibani, nitakuwepo Makambako hadi mazishi.

Erasto, tulikubaliana safari nyingine tuulizane kwanza. Hukuniuliza, kaka.

Umenipisha tena. Lala vyema.