Chisense ya upande wa kushoto

Juzi pa soko ya Chienge niliona mama moja munwa wake imepinda, na bantu banacheka ati amelewa. Nilipiga kelele bamupeleke lopitali mpaka sauti ikaniishia. Ni juu nilimukumbuka Kambo, mama ya mama yangu.

Ile mchana, ningali mutoto, pa muchanga ya Nchelenge chisense, samaki ndogo tulianika, ilikuwa inanuka jua na ziwa. Kambo alikuwa anageuza samaki ya upande wa kuume tu. Ya kushoto aliiacha, kama vile haikuwako.

"Kambo, ile ingine unaachia mamba?" jirani yetu alimuchokoza.

"Nyamaza, we kinywa kama ngoma!" nilimujibu. Nikageuza ya kushoto miye mwenyewe, ili basimuite muvivu. Kambo alisema kitu na ulimi muzito. Nilizani ni usingizi. Niligeuza tu, mpaka jua ikashuka na Kambo akaanguka.

Pa lopitali nesi aliniuliza, "Mutoto, ilianza saa ngapi?"

Leo ninajua juu ya nini aliuliza: dawa ya kiharusi inafuata saa ugonjwa ulianza. Ile siku nilizani naye anatafuta kumucheka.

"Sasa hivi tu," nilimuambia.