Saa Nzima Bila Rauta

Wubit hakuomba makubwa. Alitaka anwani mpya ya intaneti, ile namba inayotambulisha laini, kabla ya saa kumi na moja jioni, basi. Na huu ua wetu wa mtaani Gulele, nyumba sita zinazochangia laini moja, ukamnyima.

Huyu ni mwanamke aliyefanya kazi za ndani Beirut miaka sita. Binti yake, Bethel, alimlea kwa simu. Siku aliporudi, mtoto alijificha nyuma yangu mimi jirani. Wubit akaapa haendi tena. Lakini kazi mjini hakupata, na viza nyingine ikatoka, safari Jumanne. Ndipo akasikia kampuni moja ya ng'ambo inatafuta watafsiri wa Kiamhari wa kufanyia kazi nyumbani, mtihani unafungwa Ijumaa saa kumi na moja. Akifaulu, viza anaichana.

Ijumaa asubuhi anafungua ukurasa, anaambiwa: anwani hii imeshatumiwa na mwombaji mwingine. Kampuni inataka mtu mmoja kwa anwani moja, tena iwe laini ya nyumbani, ya simu ya mkononi hawaitaki kabisa.

Tukapiga simu huduma kwa wateja. Tukasikilizishwa muziki mpaka sikio likachemka. "Dada, hizo namba zinazunguka mjini," akasema mwanamume mmoja. "Hiyo yako labda juzi ilikuwa ya mtu mwingine. Zima rauta, hesabu mpaka kumi, washa."

Akazima, akahesabu, akawasha. Namba ileile. Akarudia mara nane, namba ileile. Nikamnyang'anya simu nikapiga mwenyewe, akapokea mwingine. "Mpaka kumi? Nani kawaambia hivyo? Ikae imezimwa saa nzima, ndipo namba yenu apewe mtu mwingine." Laiti ningempata yule wa kwanza, ningemzaba kibao.

Saa nzima, kwenye ua huu? Kwetu umeme unakatika kila siku, na anayeiona rauta haina taa huiwasha na kuwatangazia wenzake, kisha anashukuriwa. Nayo imetundikwa ukumbini, njia ya kila mtu. Dakika ya ishirini akapita Mzee Demissew, akaiwasha.

"Imerudi, jamani," akatangaza.

"Nimeizima mwenyewe, baba," Wubit akasema.

"Kitu kizima unakizimaje, mwanangu?"

Tukaanza upya. Tukaenda jikoni kidogo, kurudi taa inawaka, na hakuna anayekiri. Wubit akakaa sakafuni akalia kwa hasira. Hiyo ni saa tisa kasorobo.

Nikaona dawa yao ni kahawa. Nikaizima rauta, nikatandaza majani mabichi chini yake kama ilivyo desturi ya kahawa, nikakaanga buni, nikaita ua mzima. Kahawa yetu ni vikombe vitatu, cha mwisho ndicho cha baraka, na hainuki mwenye adabu kabla ya hicho. Hata Liya, bintiye Mzee Demissew aliyemaliza chuo mwaka jana, alitaka kutoroka nikamkalisha.

"Una mchumba anakusubiri? Kaa."

Akakaa, anatafuna shayiri ya kukaanga, jicho kwenye rauta. Maji nikayachelewesha makusudi.

Saa kumi na robo nikawasha. Namba mpya. Nikampiga Wubit mgongoni kwa furaha, akafungua ukurasa.

Anwani hii imeshatumiwa na mwombaji mwingine.

Liya alikuwa ameshika simu, kainamisha uso. "Ni mimi, dada Wubit. Mtihani niliuanza jana. Mtandao uliporudi tu, ukurasa wangu umeingia wenyewe kwa namba mpya."

"Na tulipokuwa jikoni, nani aliwasha?" nikauliza.

"Mimi. Muda wangu ulikuwa unakwisha."

"Ukanywa kahawa yangu vikombe vitatu umenyamaza?"

"Ningesemaje, dada Tiru? Mimi viza yangu ni ya Riyadh."

Mzee Demissew akageuka kumtazama mwanawe. Hakuwa na habari ya viza yoyote.

Wubit akasimama, akaweka kidole kwenye kitufe cha rauta. Nakiri, moyoni nilimwambia azime, heri wakose wote. Lakini saa nzima nyingine haikuwepo. Kuzima kungemtoa Liya tu, Wubit mwenyewe kusingemwingiza. Wubit akashusha mkono.

"Sogea," akamwambia Liya. "Nionyeshe umefika wapi."

Akasoma. "Hapa umeharibu. Nani anaongea hivi? Futa."

Alimsimamia mpaka dakika ya mwisho, anamgombeza neno kwa neno, na Liya anaandika huku anafuta kamasi kwa shuka la begani.

Jumanne nilimvalisha Bethel koti lake, tukamsindikiza mama yake uwanja wa ndege.