Kucha za Wapagazi

Triza Nabiswa hakuwahi kumfanyia mtu kazi ya bure pale mtaani Umoja, isipokuwa mumewe. Hata hiyo hakuihesabu kuwa ya bure, kwa sababu walikuwa wamepatana.

Kibanda chake cha kupaka kucha kimebanana na duka la dawa: kiti kimoja cha mteja, kimoja chake, na rafu ya chupa zilizopangwa kuanzia nyeupe hadi nyeusi. Wateja wanamjua. Ukianza kumlilia bei katikati ya kazi, anakuachia mkono vidole vitatu vikiwa vimepakwa na viwili havijaguswa, anakunywa chai yake mpaka urudiwe na akili. Alianza na ndoo na brashi, akienda mlango kwa mlango, akiwapaka akina mama kwenye ngazi za ploti za kupanga. Kibanda alikipata kwa kumchosha mwenye nacho hadi akampa ili apumzike. Mtu wa namna hiyo humdanganyi kwa urahisi. Inabidi uwe wa nyumbani.

Mumewe, Mulongo, ni karani katika ofisi moja mjini, mtu mpole, mwenye suti ya kijivu inayopigwa pasi hadi inang'aa magotini. Aliingizwa kwenye mchezo wa vita na Muriuki, mwalimu mstaafu anayeishi mtaa wa Tena. Muriuki aliuza gari, na mahali gari lilipokuwa likilala akaweka meza kubwa kuliko vitanda viwili. Juu yake kuna vilima vya godoro lililochongwa, miti ya waya na mto uliopakwa kwa rangi ya nyumba. Jumamosi wanaume hukusanyika hapo kupigana vita vya zamani kwa askari wadogo wenye urefu wa kifundo cha kidole. Vita vyao ni vile vya kwanza vya Wazungu, vilivyopiganwa Taveta na kuendelea kusini: Mwingereza huku, Mjerumani kule, na pande zote mbili askari ni Waafrika na mizigo imebebwa na Waafrika. Fundi mmoja wa Gikomba huwamimina kwa madini yaliyoyeyushwa, kisha kila mmoja husimamishwa kwa gundi juu ya kifuniko cha soda. Futi kamba ya fundi cherehani ndiyo inayosema askari aende umbali gani. Dadu ndiyo inayosema nani aanguke.

Muriuki ana sheria mbili asizozilegeza. Ya kwanza: hakuna mtu anayesogeza jeshi ambalo hakulipaka rangi mwenyewe. Anasema aliyeinamia askari wake miezi hawezi kuwatupa ovyo. Ya pili: kikosi kilichotenganishwa na wapagazi wake hakipigi risasi, maana wapagazi ndio wenye sanduku la risasi.

Askari wa kwanza wa Mulongo walionekana kama waliochovywa kwenye uji. Nguo na uso rangi moja, macho yamemwagika hadi shingoni. Jioni moja taarifa ya habari ikiendelea, Triza alimchukua mmoja, akamsugua, akamshika kwa kifuniko chake kama anavyoshika kidole cha mteja, akampaka upya kwa brashi yake nyembamba kabisa, ile ya maua ya bibi harusi. Kaki ikawa kaki, ngozi ikawa ngozi, na askari akawa anamtazama mtu.

Mulongo alimzungusha yule askari kwenye taa. Akauliza kama anaweza kufanya na wengine.

"Naweza," Triza akasema. "Nalipaka jeshi lote. Likikamilika, nakaa mezani. Wewe unaongoza kushoto, mimi naongoza kulia. Na unawaambia wenzako nani alipaka."

"Sawa," Mulongo akasema, na ile sheria ya kwanza hakuitaja.

Wakashikana mikono, wakicheka. Na hapo ndipo alipokosea. Kwa mteja asiyemjua angedai nusu kwanza. Kwa mume alichukua kicheko, na shahidi hakuwepo hata mmoja.

Watu watauliza mwanamke wa kucha alitaka nini kwenye vita vya vinyago. Mulongo alihitaji mtu wa kufanya naye mazoezi nyumbani, kwa hiyo walitandaza shuka kwenye meza ya chakula, vitabu vikawa vilima, mshipi wa Clare, binti yao, ukawa mto. Triza aliuelewa mchezo mapema. Aliona ni kupatana bei tu: unalegeza hapa ili ukaze pale, na unachokitaka zaidi ndicho usichokitazama. Kwa muda ule hakuna aliyemwita kuuliza maji, kodi wala sukari. Alikaa kwenye kiti, akafikiri jambo moja hadi mwisho wake. Hilo peke yake lilitosha kumfanya aitamani ile meza.

Mchezo wa mwisho waliocheza pamoja, aliwaacha askari wa Mulongo wamejipanga kwa fahari kwenye kivuko, akazunguka nyuma ya vitabu, akawakamata wapagazi. Jeshi zima likabaki limesimama mtoni na bunduki tupu. Mulongo alisema hivyo si vita, ni uchokozi. Akakunja shuka. Tangu siku hiyo alikuwa akifanya mazoezi peke yake, akiongea chini chini. Kupaka hakumkataza.

Na jeshi halikukamilika. Kila Triza alipouliza, kulikuwa bado na kitu. Bado bendera. Bado nyumbu wa kubeba mizinga. Bado wapagazi, na wapagazi wa Mulongo walikuwa wengi kuliko askari, kwa sababu Muriuki alitaka mambo yawe yalivyokuwa.

Wapagazi Triza aliwapaka polepole. Babu ya mama yake alichukuliwa kule Bungoma kwenda kubeba mizigo ya vita vile, hakurudi, na ukoo haukupata hata kaburi la kuonyesha kwa kidole. Triza hakumlilia. Humlilii mtu usiyemjua. Lakini wapagazi walikuwa miguu mitupu, na alipofika kwenye vidole, mkono wake ulifanya kile unachofanya kila siku ya Mungu: nukta ya rangi nyepesi kwenye kila kidole. Alipogundua, alikuwa amemaliza safu nzima. Akaona basi, akawawekea na za mikono, wale walioshika mzigo kichwani. Mulongo aliwapokea, akawapanga kwenye trei za mayai, ndimo jeshi lilimobebewa, wala hakuziona. Hakuwa na kawaida ya kuangalia karibu hivyo.

Nyumbu wa mwisho alikauka siku chache kabla ya Mashujaa. Sikukuu hiyo ndiyo ya mchezo mkubwa wa mwaka kwa Muriuki.

"Baba Clare, Mashujaa nakaa," Triza akasema.

"Tutaona."

"Hatutaona. Nakaa."

Alifunga kibanda, na sikukuu ni siku ya wateja. Akavaa gauni lake la kanisani. Wakatembea hadi Tena, Mulongo mbele na mwavuli, Triza nyuma na trei za mayai zimefungwa kwa leso, akizibeba kama mtu aliyebeba supu.

Kwa Muriuki walikuta meza imetandazwa na harufu ya nyama imejaa. Musyoka, mchezaji wa upande wa Wajerumani, alikuwa amepitia Soko la Burma akaja na mbavu. Dirie, mwenye duka la miwani, alikuwa mwamuzi wa siku hiyo. Mulongo aliwasalimia wote, kisha akaonyesha kwa kidevu.

"Mama Clare huyu. Amenisaidia kubeba."

Triza akapewa kigoda karibu na mlango, na soda. Akangoja. Alijiambia mtu hawezi kuvunja mapatano mbele ya mtu waliyepatana naye, na hilo nalo lilikuwa kosa, maana huwa wanayavunja hapo hapo.

Kabla ya mchezo, mwamuzi hukagua majeshi. Dirie aliweka jichoni kioo chake cha kukuzia, akapita juu ya askari akiguna kwa kuridhika. Alipofika kwa wapagazi akasimama. Akamnyanyua mmoja.

"Mulongo, hawa watu wako wamepakwa kucha?"

Kioo kikapita mkono hadi mkono. Musyoka alicheka hadi akaweka mfupa chini. Akasema Mwingereza alikuwa mwema kumbe, mpagazi anatembea hadi Taveta na bado anapata mtu wa kumtengeneza miguu, wakati mke wake yeye anadai huduma hiyo tangu harusi. Mulongo alicheka pia, lakini alichelewa. Dirie alikuwa ameshaacha kucheka. Alikuwa anatazama mikono ya mwanamke aliye mlangoni, kucha kumi zisizo na kasoro.

"Shemeji, unafanya kazi gani?"

"Napaka kucha."

Muriuki aliuliza jeshi lilipakwa na nani, na Mulongo akasema alisaidiwa hapa na pale. Mwalimu ni mwalimu hata akistaafu. Alifungua droo, akatoa askari asiyepakwa rangi, brashi na kifuniko chenye tone la rangi nyeupe, akavisogeza mbele yake.

"Weka jicho moja tu."

Mulongo aliitazama brashi. Hakuigusa.

"Basi jeshi hili si lako, na huwezi kulisogeza," Muriuki akasema. Akamgeukia Triza, sauti ikalainika. Alimweleza kwamba kwa sheria yao jeshi ni lake yeye, na mgeni hukaribishwa mezani akidhaminiwa na mwanachama mmoja. Anasimama, anasema namdhamini, imekwisha. Akauliza nani anamdhamini.

Musyoka alimtazama Dirie, Dirie akatazama futi kamba. Mwanamume hawezi kusimama kumdhamini mke wa mwenziwe na mwenziwe ameketi pale pale. Kila mtu chumbani alilijua hilo. Kwa hiyo walimngoja Mulongo, na Triza akamngoja, soda mkononi. Neno moja, na lingemgharimu aibu ya dakika mbili ambayo tayari alikuwa nayo.

Mulongo alifuta miwani yake kwa ncha ya tai.

"Hajui mchezo," akasema. "Ni mtu wa kupaka tu."

Triza angeweza kuwasimulia kuhusu kivuko na wapagazi. Alijizuia. Ukishakataliwa na ukaanza kujieleza, thamani yako inashuka kwa kila sentensi. Aliona hayo kwa wateja kila wiki. Aliweka soda chini, akafungua leso.

Muriuki, ambaye hakuwa mtu mbaya, alijaribu kuokoa kitu. "Shemeji, usiondoke hivyo. Kazi ipo. Wajerumani wa akiba wa Musyoka, wale wa kuweka kabatini tu, hawajaguswa. Bei utasema wewe."

"Na kiti?"

"Kiti..." Mzee alikuna shavu. "Hayo ni mambo yenu na bwana."

"Basi na Wajerumani ni mambo yao na bwana wao."

Alipanga jeshi kwenye trei za mayai, mmoja mmoja, bila haraka, na hakuna aliyethubutu kumzuia kwa kuwa sheria ilikuwa upande wake. Mulongo alibaki. Alisikika akimuuliza Musyoka kama kuna kikosi cha kuazima, na Musyoka akimkumbusha kwamba hakukipaka.

Njiani Triza alipiga hesabu ya mambo yote. Kulikuwa na watu mjini ambao wangelichukua jeshi lile kama lilivyo na kumshukuru. Lakini mwishowe lingetua kwenye meza nyingine, mbele ya mwanamume mwingine, naye angewaambia wenziwe kwamba kazi ni yake. Alipofika Umoja alipitia kibandani, akatoka na dumu la asetoni, ile ya kutolea rangi za kucha.

Alitia kwenye karai, akafungua madirisha. Askari waliingia kwanza. Kaki ililegea, ikatoka kama maganda, na gundi ikaachia, vifuniko vya soda vikalala chini ya karai. Alisugua kila mmoja kwa mswaki wa zamani. Bendera, mizinga, nyumbu. Wapagazi aliwaacha mwisho. Alimshika mmoja karibu na dirisha, akaziona zile nukta, zimekaa sawa kidole kwa kidole. Kazi nzuri kuliko hiyo hakuwahi kuifanya, na kwa mteja yeyote anayelipa asingeifanya. Akamtia ndani na wenziwe. Asetoni ikawa na rangi ya matope ya barabara ya Outer Ring mvua ikinyesha. Akaimwaga kwenye mtaro.

Jioni Mulongo alikuta jeshi lake kwenye meza ya chakula, juu ya gazeti, safu kwa safu, limebaki madini matupu. Vifuniko vilikuwa lundo pembeni. Aliketi bila kuvua koti.

"Mama Clare, hii ilikuwa kazi ya miaka."

"Ya nani?"

Mulongo alikula chakula chake kilichopoa, akalala ameelekea ukuta.

Siku hizi Mulongo anapaka. Alinunua brashi zake na rangi zake, na akitoka kazini anainamia meza ile hadi shingo inamkakamaa. Kaki anaiweza kidogo. Macho yanamshinda. Jumamosi anakaa nyumbani, kwa kuwa hana jeshi la kusogeza. Muriuki alituma salamu mara moja, kwa Triza, kuuliza tena kuhusu Wajerumani, na Triza akajibu kwa neno lile lile moja: kiti. Hakutuma tena.

Jana Mulongo alimharibu askari mmoja uso mara ya tatu. Akamfuta kwa kitambaa, akasema bila kuinua kichwa:

"Macho unayafanyaje?"

"Kiti."

"Lile neno la kuwa hujui mchezo nilishalisema mbele ya watu. Nalirudishaje?"

"Basi paka."

Akapaka. Triza alikuwa upande wa pili wa meza na kikombe chake. Aliona kosa liko wapi: Mulongo anashika brashi juu mno, karibu na mwisho wa mpini, na mkono hauna pa kuegemea. Ni jambo la kumsogeza kidole kimoja tu. Jicho la askari likamwagika hadi shavuni. Triza akamaliza chai yake, akaenda kuosha kikombe.