Mstari Mweupe wa Mazinde

Ukijiunga na kikundi kidogo cha kupanda milima ya Usambara kwa miguu, tegemea haya: mwongozaji atakwambia mwende polepole, kisha yeye mwenyewe atakazana kama anawahi basi. Viatu vipya vitakutafuna. Na watu ambao asubuhi hamjuani, jioni mtakuwa mnapakana dawa ya kuchua. Nasema kwa uhakika maana nimepanda, tena nikiwa bibi mwenye wajukuu.

Sikwenda kutembea tu. Mama yangu alikulia Mazinde, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mkonge, na kila akiinua macho aliuona mstari mweupe juu mlimani. Yeye alisema ni maji yanayoporomoka. Marehemu baba alisema ni jabali tu. Walibishana maisha yao yote ya ndoa, hata walipohamia Manundu, na hakuna aliyewahi kwenda kuangalia. Baba akafariki hajakubali. Siku hizi mama haendi mbali zaidi ya uani. Niliposikia kuna kikundi kinapita njia ya huko, nilijiandikisha hapohapo, nikamwahidi mama kwamba nitamletea jibu.

Nilitoka kwangu Handeni na dumu la lita tano, limejaa. Wenzangu walikuwa na mabegi ya mgongoni na fimbo za kukunja. Mimi nilikuwa na dumu kichwani, juu ya ngata ya kanga. Mwongozaji, Msambaa wa makamo asiye na maneno mengi, aliliangalia kwa muda.

"Mama, huko juu maji yapo kila mahali."

"Kaka yangu, mimi natoka Handeni. Maji ya kuambiwa siyanywi."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wao.

Mwanzo wa mlima sikuusikia. Baadaye shingo ikaanza kuwaka moto, na migongo ya wenzangu ikawa inapotea kwenye kona. Kabla ya kuingia msituni nilimkuta mwongozaji ananisubiri kando ya shamba la kabichi.

"Ukungu ukishuka hatufiki," alisema. "Msaidizi wangu anaweza kukurudisha Mazinde taratibu. Au mwaga hayo maji, mama. Chagua."

Nilikasirika kwelikweli. Kunimwagisha maji, mimi! Tangu niolewe Handeni nimepanga foleni za ndoo mpaka nimezizoea, na wanangu wote wanajua kwamba kumwaga maji ni kosa la kuchapwa. Lakini nilimfikiria mama pale uani, anasubiri. Nikainama, nikamimina kidogo kidogo kwenye mashina ya kabichi, angalau yasiende bure.

Mwenye shamba aliinuka na jembe lake, akashika kiuno.

"Dada, sisi hapa tunaomba jua, wewe unatuletea maji?"

Nilimwambia ashukuru, hayo yametoka mbali. Dumu tupu nikalifunga mgongoni kwa kanga, nikaingia msituni nyuma ya mwongozaji, na hakuniacha tena.

Tulisikia mngurumo kabla hatujaona kitu. Kisha miti ikaachana, na pale mbele yetu, kutoka juu ya mwamba mweusi, yalikuwa yanaporomoka maji meupe. Chini kabisa niliyaona mashamba ya mkonge ya Mazinde. Nililia bila aibu. Halafu nikafungua kanga, nikakinga dumu.

"Tena, mama?" mwongozaji aliuliza.

"Tena."

Kesho yake nilifika Manundu. Mama alimimina kwenye kikombe, akanywa funda moja, akafumba macho. Nilisubiri atambe, maana haki yake ilikuwa imechelewa sana. Alikaza kifuniko cha dumu kwa mikono yake miwili, kisha akaniomba mtandio.

"Nishike mkono twende makaburini," alisema. "Nikammwagie baba yako, aniambie tena ni jabali."