Nyumba ya Tatu Ukutani

Mimi ni mtu wa kimbelembele, na sijawahi kulificha hilo. Nilifundisha chekechea miaka mingi, na ukizoea kuwapanga watoto mstari huishii hapo, unawapanga hata watu wazima. Ndiyo maana mchoraji mmoja wa Homa Bay alipofika kwenye soko letu dogo nje ya Ndhiwa, akasema anataka wenyeji na wageni waupake pamoja ukuta wa ghala la mahindi, mimi nilikuwa wa kwanza kusimama na wa mwisho kunyamaza.

Wageni wamekuwa wengi kwetu. Wengine wamefuata miwa, wengine biashara, wengine wamekodi mashamba. Tunauziana nyanya, tunasalimiana, kisha kila mtu anarudi kwake. Tunapenda kusema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni mwenyewe hatumwulizi kama yeye amepona. Mchoraji alitaka tutumie udongo, jinsi mama zetu walivyosiriba nyumba zao: mwekundu wa mlimani, mweupe wa mtoni, mweusi wa shambani, na mavi ya ng'ombe ya kuushikiza. Tungekaa wawili wawili, mwenyeji na mgeni, na kila wawili wachore boma kwenye kipande chao cha ukuta.

Nilimchagua mama mmoja Mkuria, muuza mboga, aliyekodi chumba nyuma ya soko. Tulimwita Nyar Kuria, yaani binti wa Kuria, na sidhani kuna aliyewahi kumwuliza jina lake. Sitasema uongo: nilimchagua kwa sababu alikuwa mpole, nikajua hatanibishia.

Kumbe alinishinda mbali. Alitumbukiza vidole vinne kwenye udongo mweupe, akavivuta ukutani mara moja tu, mistari ikatoka imenyooka. Yangu ilikuwa kama ya watoto wangu wa chekechea. Akacheka, akanishika kiganja na kukisukuma. "Polepole, Mwalimu. Ukuta haikimbii." Nilizipenda siku zile. Mume wangu nilikuwa nimemzika, watoto wako mbali, na nilikuwa nimesahau raha ya kufanya kazi na mtu kando yangu bila kusemasema.

Tulichora zizi, tukachora nyumba ya mama ikitazama lango, zikabaki nyumba za wana. Kwetu kijana akikomaa hujenga kibanda chake karibu na lango, tunakiita simba, na asipokuwa nacho watu huanza kunong'ona. Kwao pia kijana hujenga, aliniambia. Nikamwuliza ana wavulana wangapi.

"Watatu," akasema.

Alichora vibanda viwili, akanawa mikono, akaenda kuuza mboga zake.

Vile viwili vilinikera. Asubuhi iliyofuata nikafika kabla yake, nikamchorea cha tatu. Na nilikipamba! Nilikiwekea mlango mwekundu ulio wazi na kuku wawili nje, maana kijana asiye na hata kuku nani atamwoza? Nilijiona mtu mwema sana.

Alipofika alisimama muda mrefu bila kuweka kapu lake chini.

"Hii nyumba, nani amejenga?"

"Ni mimi. Niliona umesahau mmoja."

Alifuta mikono kwenye leso yake, na mikono yenyewe haikuwa na udongo, kisha akageuka na kwenda zake. Mchana chumba chake kilikuwa na kufuli. Kesho yake vivyo hivyo.

Aliyenifumbua macho ni muuza mandazi, aliyempangisha kile chumba. "Kwani hukujua? Huyo kijana wake alikuwa anavua omena ziwani, kule Sindo. Mashua ikapinduka. Walitafuta siku nyingi, hata shati hawakupata. Mama alikaa ufuoni akingoja mpaka watu wakamwambia inatosha. Nyumbani alishindwa kukaa, kwa sababu mzee wake hataki hata jina la huyo kijana litajwe. Ndiyo akaishia huku."

Nililiweka andazi langu chini. Miaka yote ile niliwaimbisha watoto kwamba kuuliza si ujinga, na mimi mwenyewe sikuuliza swali moja dogo: huyu wa tatu yuko wapi? Kwetu mtu akizama asipatikane, jamaa zake huzika tunda la yago, lile refu linaloning'inia mtini, ili naye awe na kaburi. Kijana huyu sikusikia kwamba alizikiwa chochote. Nami nilikuwa nimemjengea nyumba, nikaongeza na kuku.

Ukuta ulizinduliwa wiki iliyofuata. Siku hiyo nilifika alfajiri na ndoo ya udongo mwekundu, nikakisiriba kile kibanda. Nilirudia mara mbili ili kisionekane hata kidogo. Nililia nikisiriba. Nilidhani ndivyo ninavyomwomba msamaha.

Watu walijaa, mheshimiwa aliyealikwa kuuzindua akachelewa kama kawaida yao, kisha tukaanza kuitwa wawili wawili tusimame mbele ya kazi yetu. Zamu yangu ilikuwa inakaribia nami niko peke yangu. Ndipo nikamwona Nyar Kuria. Alikuwa amevaa nguo za kanisani, anakuja upesi, nyuma yake mzee mwenye koti zito na bakora. Uso wa mama huyo sikuwa nimewahi kuuona hivyo. Ulikuwa na furaha.

"Mwalimu, huyu ndiye mzee wangu," akasema, akihema. "Nilienda kumwambia kijana amejengewa. Alikataa kunisikiliza siku mbili. Siku ya tatu akaamka, akasema twende nione."

Mzee alinisalimu kwa mikono miwili. Kisha akatoa kifuko kwenye koti, akakifungua. Ndani mlikuwa na udongo.

"Hii ni ya nyumbani," akasema. "Nataka kupaka kidogo tu, hapo kwa mlango."

Wakageuka wote wawili kuutazama ukuta. Pale mahali palikuwa bado na unyevu.

"Iko wapi?" mzee akamwuliza mkewe, na mkewe akanitazama mimi.

"Nimeifuta," nikasema. "Leo asubuhi. Nilisikia yaliyompata kijana, nikadhani nimekuumiza. Nisamehe, mama. Ngoja niichore tena sasa hivi, udongo upo." Nilikuwa nimeshainama kwenye ndoo.

Akaniinua.

"Wacha, Mwalimu. Ile ulichora ukidhani ako hai. Hapa duniani ni wewe peke yako ulikuwa unadhani hivyo." Akanipangusa udongo viganjani kwa leso yake. "Sasa na wewe unajua."

Nyuma yetu watu walikuwa wanapiga makofi kwa ajili ya wengine. Mzee akakifunga kifuko, akakaza fundo kwa meno, akakirudisha ndani ya koti.