Kinyozi Asrat na Mstari Mmoja

Asrat alizaliwa kabla mkunga hajafika, na tangu siku hiyo hajawahi kumsubiri mtu. Alitembea mapema, akaacha shule mapema, akaoa washenga wakiwa bado na vikombe mkononi. Pale Debre Berhan, mji wa milimani Ethiopia, alifungua kibanda cha kunyolea karibu na stendi, na sifa yake ikaenea: ukikaa kwenye kiti cha Asrat, unanyanyuka kabla kiti hakijapata joto. Kwamba unanyanyuka na viraka kichwani, hilo watu walimsamehe. Mji ule una baridi, kila mtu ana kofia yake.

Mungu naye ana utani wake. Mtu huyu mwenye haraka akampa mtoto mmoja tu, Tirsit, ambaye hata kuzaliwa kwenyewe alichelewa wiki mbili.

Mwanzoni mambo yalikuwa matamu. Tirsit alipoanza shule, aliimba chati nzima ya herufi, mia mbili na ushee, tangu ya kwanza hadi ya mwisho bila kukwama. Asrat alimpandisha juu ya kiti cha kunyolea awaimbie wateja. "Mnamsikia? Mwakani huyu ananisomea gazeti," alisema. Mpaka siku mzee mmoja, nusu kichwa kimenyolewa na nusu bado, alipoinyooshea kidole chati ukutani, katikati kabisa. "Na hii, binti yangu, ni ipi?" Tirsit akaitazama, akarudi mwanzo, akaimba moja baada ya nyingine mpaka akaifikia. Wateja wakacheka. Asrat naye akacheka, kisha akaacha kucheka. Mzee yule alimaliziwa upesi kuliko kawaida, akavaa kofia mpaka Pasaka.

Hapo ndipo kipaji cha Asrat cha ulezi kilipochanua. Alifundisha kwa kupaza sauti, kana kwamba herufi ni viziwi. Alifundisha kwa mkanda. Alifundisha kwa kumtaja mtoto wa jirani kila chakula kikiwekwa mezani, mpaka Tirsit akawa anashiba kabla ya kula. Ajabu ni kwamba, pamoja na ufundi wote huo, kusoma hakukuja.

Majirani hawakumtupa mkono, Mungu awabariki. Walikuja kunywa kahawa na kila mmoja akaja na ujuzi wake. Kahawa ya kwanza ilipomiminwa, ugonjwa ulikuwa jicho baya. Ya pili ilipomiminwa, ulikuwa uvivu. Kufikia ya tatu, ile nyepesi, kosa lilikuwa la Wubalem, mama mtu, kwa kumdekeza. Bahati njema kahawa haina raundi ya nne, la sivyo angelaumiwa mbuzi.

Dada yake Asrat, Etagegn, mwenye mgahawa kule Dessie, yeye alitibu kwa simu. Alitaka mtoto apelekwe kwenye maji matakatifu. Tirsit akapelekwa alfajiri saba za baridi kali, akarudi na kikohozi na herufi zake zilezile. Maji hayana lawama. Hakuna aliyeyaajiri kuwa mwalimu.

"Basi nipe mimi," Etagegn alisema. "Sahani hazina herufi. Jumapili baada ya Timkat, sikukuu ya Ubatizo, nakuja. Nikimkuta anasoma mstari mzima bila kosa, abaki kwenu. La sivyo, anapanda basi na mimi, na shule iishie hapo."

Asrat alikubali kabla dada hajamaliza kusema. Hata kukubali, yeye hukubali kwa haraka.

Wubalem aliposikia mwanawe ameshaahidiwa sahani za Dessie, hakugombana. Alijitanda shuka lake, akamshika mumewe mkono mchana kweupe, akamvuta mpaka shuleni kwa mwalimu Meseret, msichana mpole aliyekuwa akimfundisha Tirsit.

"Mtoto wenu si mjinga wala si mvivu," mwalimu aliwaambia. "Wapo watoto wanaogomewa na maandishi. Anafikiri vizuri, anaongea vizuri, ila herufi na sauti yake havikutani upesi. Inaitwa disleksia."

"Ina sindano?" Asrat aliuliza.

"Haina, Gashe," mwalimu alimjibu kwa heshima, kama mtu anavyomwita mkubwa wake.

"Vidonge?"

"Hahitaji kumeza kitu. Anahitaji muda."

Asrat akasimama kutafuta kofia yake. Muda ndio bidhaa pekee ambayo hakuwahi kuiweka kibandani.

Wubalem yeye alibaki amekaa, na mwalimu akamweleza yote. Msimfokee. Msimlinganishe na mtu. Msomeeni nyinyi hadithi, apate kuzipenda kwanza. Herufi azishike, azichore kwa mkono, kubwa, chache kwa siku, huku akitamka sauti yake. Na akikwama, msimtajie jibu. Mngojeeni.

Siku ya kuoka injera, ile mikate yao mipana na laini kama chapati za maji, Wubalem alipobakiza rojo ya mwisho, ile ya kuoka ingocha, kijinjera kidogo ambacho ni haki ya mtoto, alimpa Tirsit kopo lenye mdomo. Tirsit akamimina herufi moja juu ya kikaango, akatamka sauti yake. Ilipopoa akaifuata kwa kidole, akaitamka tena, akaila.

"Haya," alisema Asrat mlangoni. "Wenzetu wanasoma masomo, sisi tunayala."

"Baba Tirsit, hilo ni fungu lake. La kwako nimelipunguza?"

Hakuwa amepunguziwa. Ikawa hivyo kila siku ya kuoka, na jioni moja Asrat alikuta herufi imewekwa kwenye sahani yake. Akaitia mdomoni akiwa bado amesimama.

"Umekula ipi, baba?" Tirsit aliuliza.

Asrat hakujua.

"Kumbe hata wewe," alisema mtoto, kwa upole tu, akamsogezea maji.

Tangu hapo Asrat akawa anaitazama herufi kabla ya kuila. Si kwamba alikuwa amebadilika, la hasha. Alikuwa anakagua kama imeiva.

Jumapili ikafika, na Etagegn akafika nayo, amebeba mfuko mtupu wa kutilia nguo za mtoto. Basi la kurudi Dessie lilikuwa la saa saba mchana. Alikaa karibu na jiko la kahawa, akafungua kitabu cha darasa popote tu, akaweka kidole. "Mstari huu."

Tirsit akainama. Kidole chake kilichora kila herufi juu ya goti kabla haijatoka mdomoni. Neno la kwanza lilikuja. La pili likakataa.

"Akimaliza, kahawa itakuwa imeota tena shambani," alisema Etagegn.

Mguu wa Asrat ulikuwa unatikisa mkeka. Neno alikuwa analiona, lipo pale, dogo, ulimi unamuwasha. Alipofungua mdomo alitaje, Wubalem alimlisha tonge la injera na mchuzi, kubwa la kujaza mashavu yote mawili. Tonge la mkono wa mtu halikataliwi. Asrat akatafuna huku macho yanamtoka, na wakati anatafuna, neno la pili likaja lenyewe.

Tirsit akaendelea. La tatu, la nne. Jasho lilimtoka puani siku ya baridi kama ile. Alifika mwisho wa mstari akainua uso, akacheka, kwa kuwa hakuwahi kufika mwisho wa mstari wowote maisha yake yote.

"La nne amekosea," Etagegn alisema. "Tulisema bila kosa. Nguo zake ziko wapi?"

Uso wa Tirsit ukaanguka. Akamtazama baba yake, maana ahadi ilikuwa ya baba yake. Asrat alimeza tonge lake. Alikumbuka mkanda, akaona haya.

Aliuchukua ule mfuko mtupu, akaukunja mara mbili, akaukalia.

"Soma mstari wa pili, mwanangu," alisema.

"Asrat, basi langu."

"Nimesikia, dada. Wubalem, ongeza kahawa. Polepole, Tirsit. Leo sina mteja."

Basi la Dessie lilipiga honi stendi, likaondoka. Tirsit alikuwa ndiyo kwanza yuko kwenye neno la tatu, na baba yake amekaa, anangoja.