Kitabuni Hakuna Aliyeuona Mwili

Siku hizi nikiwaona vijana wanabishana kwenye simu kuhusu tamthilia na riwaya iliyoizaa, nani kabadilishwa, nani atafufuka, nacheka peke yangu. Wanadhani wameanza wao. Sisi tulibishana hivyo hivyo mtaani kwetu Buyenzi, tumekaa mkekani, na umeme ukikatika televisheni inazima, sisi hatuzimi.

Tulikuwa watatu: mama, dada yangu mkubwa na mimi. Tamthilia yenyewe ilikuwa ya wafalme, wachawi na majoka yanayotema moto. Kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri nilileta diski mpya kutoka sokoni, iliyotiwa sauti ya mfasiri wa Dar juu ya maneno ya Kifaransa. Mfasiri yule alikuwa na domo. Farasi akipita, anamsifia. Malkia akikasirika, anamwongezea matusi. Mama hakujua Kifaransa, kwa hiyo alimwamini yeye. Dada alikuwa mtu wa kitabu. Aliazima juzuu nene za Kifaransa kwa mwanafunzi mwenzake wa Kiriri, mtaa wa mlimani, na kila sehemu ikiisha alikuwa na neno lake: "Mu kitabu haiko hivyo." Aliniudhi kweli. Mimi na yeye hatukupikika chungu kimoja.

Mama hakujali majoka. Alimfuata mtu mmoja tu, mwana wa mfalme aliyepanda mashua akaenda ugenini. Hatukuhitaji kuambiwa kwa nini. Kaka yetu alikuwa amevuka kwenda Kongo kutafuta maisha, na baada ya muda simu yake ikanyamaza. Jumamosi moja mama alimgeukia dada, akauliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Mu kitabu, ule mutoto anarudi?"

Dada akasema hajafika huko. Alikuwa amefika. Jikoni aliniambia kwamba kitabuni mashua inazama, na wajumbe wanaleta habari ya msiba.

"Mwili bameuona?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Apana. Hakuna mwenye aliuona."

Kuanzia hapo mtu wa kitabu na mtu wa diski wakawa kambi moja. Tulisema mwandishi amemficha kijana. Ushahidi wetu wa kwanza ni huo, kwamba hakuna mwili. Wa pili ulitoka kwenye diski: mashua inapoondoka, kijana anageuka na kusema, "Mama, nisubiri, nitarudi." Maneno hayo kitabuni hayamo. Sasa watu wa televisheni wayaongeze ya nini, kama hawana mpango wa kumrudisha? Tulimweleza mama hoja hii, akafurahi, na siku nyingine nilimsikia akiyarudia maneno yale huku akichambua mchele. Nayakumbuka majuma hayo kwa raha. Sijawahi kuwa karibu na dada yangu kama wakati ule.

Kisha dada akapanda Kiriri kurudisha kitabu. Kule walikuwa na dishi, na akaiona mashua ile ile ikiondoka, kwa Kifaransa kitupu. Kijana aligeuka, akatazama, hakufungua mdomo. Maneno yalikuwa ya mfasiri, kayatoa kichwani mwake. Nilikasirika, nikatamani nimfuate huko huko Dar. Tulikubaliana mama asijue. Bado tulikuwa na ule ushahidi wa kwanza, nao tuliushikilia kwa nguvu zote.

Jumamosi iliyofuata dhoruba iliutupa mwili ufukoni. Watu wa televisheni waliuonyesha wazi, uso na mikono. Wakambeba kijana hadi nyumbani, malkia akamwosha uso, wakamzika. Mfasiri naye, kwa mara ya kwanza, hakuongeza kitu. Niliogopa kumtazama mama. Nilipapasa mkekani nikitafuta rimoti.

Dada akawahi kusema, "Maman, mu kitabu hakuna mwenye aliona mwili. Hawa batu ba televisheni bamebadilisha tu."

Mama akainua mkono kumnyamazisha.

"Acha. Hivi ndiyo muzuri," akasema. "Bamemuzika. Mama yake anajua fasi mutoto analala."

Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaniomba nirudishe nyuma kidogo, ayaone mazishi tena.